Dampo la kisasa katika mji mdogo: lipi kweli, lipi si kweli?

“Mji ukijengewa dampo la kisasa, shida ya taka imekwisha.”
Si kweli. Dampo hubaki la kisasa madhali tingatinga linafanya kazi. Taka zikimwagwa lazima zisambazwe, zishindiliwe na kufunikwa kwa udongo, na maji meusi yanayochuruzika chini yaelekezwe bwawani. Mfadhili hulipia ujenzi. Dizeli ni ya halmashauri. Ikikosekana kwa miezi michache tu, nzi, kunguru na moshi hurudi.

“Taka zetu nyingi ni plastiki.”
Si kweli. Plastiki tunaiona kila mahali kwa kuwa haiozi. Benki ya Dunia inakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya vyakula na majani. Ongeza majivu na mchanga unaofagiliwa uani, unapata mzigo mzito wenye maji. Gari la kushindilia, lililobuniwa kwa maboksi na makopo ya Ulaya, halina la kushindilia hapo. Trekta lenye tela linatosha, na fundi wake yupo mjini.

“Basi mboji italipa gharama zote.”
Si kweli, na Uganda imelionja hili. Mradi wake wa mboji, uliosajiliwa mwaka 2010 chini ya Itifaki ya Kyoto, ulihusu miji kama Kasese, Mbale, Lira na Soroti. Miji ingeuza mboji, na kwa kuzuia gesi ya methani ingepata pia fedha za kaboni. Ilipofika 2012 bei ya kaboni ilikuwa imeporomoka. Tena taka zilifika kiwandani zimechanganyika, na mkulima anayepanda kwa mikono hawezi kununua mboji yenye vipande vya chupa. Mimi ningeanzia sokoni, kwenye maganda ya ndizi na majani ya kabichi, ambako taka karibu zote huoza na hazijachanganywa bado. Mboji hiyo mkulima ataichukua. Hata hivyo, mshahara wa dereva utahitaji fungu jingine.

“Wananchi hawataki kulipa ada ya taka.”
Nusu kweli. Wengi hulipa gari likipita siku iliyotangazwa. Likikosa kupita wiki mbili, mifuko ikajaa funza barazani, mkusanyaji ada hafunguliwi mlango, na mwenye nyumba ana haki yake.