Rejeta ya Mazda MX-5: Kufungua Ndiyo Kazi Ndogo

Tangi la juu la rejeta ya Mazda MX-5 hutoka kiwandani likiwa jeusi tii. Miaka ikipita, plastiki hiyo hugeuka kahawia, kisha huchukua rangi ya kijani kilichochujuka. Wenye magari haya wakifungua boneti hutazama rangi hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Tangi la kahawia linakuambia uanze kutafuta rejeta nyingine. La kijani linakuambia umechelewa.

Toleo la kwanza la gari hili lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989, na Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lilitengenezwa hadi 1997, kwa hiyo lililo changa kabisa linakaribia miaka 30. Ikiwa bado lina rejeta iliyokuja nalo, ajabu si kuvuja kwake. Ajabu ni kufika leo. Kuibadilisha ni kazi ya alasiri moja nyumbani, kwa spana za kawaida. Injini nyingi za magari ya namna hii huharibika baada ya rejeta mpya kufungwa, kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, maji yaliyomiminwa, au thamostati iliyotupwa pembeni. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba nyekundu na shaba nyeupe, zimeunganishwa kwa risasi. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, ilikuwa na rejeta ya aina hiyo. Ikitoboka, fundi rejeta aliiwasha moto, akaziba, ikarudi barabarani. Katika miaka ya 1980 watengenezaji walihamia kwenye alumini kwa upande wa vijibomba na mapezi, na plastiki kwa upande wa matangi. Vitu hivi viwili havichomelewi. Tangi hubanwa juu ya alumini kwa meno yaliyokunjwa, na katikati hulala sili ya mpira. Plastiki hupata joto na kupoa maelfu ya mara mpaka inakuwa kavu na kuvunjika kirahisi, na sili nayo inakakamaa. Ufa hujitokeza kwenye shingo ya mpira wa juu au kwenye mstari wa meno. Gundi ya kuchanganya inaweza kukufikisha nyumbani. Unga wa kuziba matundu, au yale mayai na pilipili manga ya wazee, utaziba kwanza vijibomba vyembamba vya hita kabla ya kuufikia ufa wako. Tangi la plastiki likipasuka, badilisha rejeta nzima.

Lakini hakikisha kwanza kwamba ni rejeta. Maji ya kulanti yakikauka huacha unga mweupe, wa kijani au wa waridi kutegemea rangi yake. Fuata unga huo hadi unapoanzia juu, kwa sababu tone linaloanguka chini ya bampa linaweza kuwa limetembea mbali. Mafundi wengi wana pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta na kusukuma shinikizo injini ikiwa baridi. Iazime. Ukiona geji ya pampu inashuka na hakuna mahali panapotoa maji, chomoa plagi, angalia kama ipo yenye unyevu, halafu tazama mafuta ya injini: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo shida ni gasketi ya silinda hedi, na rejeta mpya haitaiponya.

Wengine huona tone moja kwa siku si neno, mradi wanaongeza maji asubuhi. Wanasahau shinikizo. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ya Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 95. Thamostati ya MX-5 huanza kufunguka karibu nyuzi 88, kwa hiyo injini yenye afya inafanya kazi jirani kabisa na mahali maji ya Nairobi yangechemka. Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Chemchemi yake huzuia shinikizo hadi takriban bar 0.9, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi zipatazo 20. Ufa unaotoa mvuke kidogo hauibi maji mengi, lakini unaiba shinikizo, na bila shinikizo maji huanza kuchemka pembeni mwa silinda wakati geji ya dashibodi bado imetulia katikati. Geji nyingi za miaka ya 1990 zilipangwa zitulie hivyo ili dereva asihangaike na kila badiliko dogo. Tena maji yakishapungua kiasi cha kuacha kihisi ndani ya hewa, geji inaweza hata kushuka.

Ukienda kununua, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, utaonyeshwa rejeta mtumba kutoka Japani. Sishauri. Rejeta iliyotolewa kwenye gari la umri uleule ina plastiki ya umri uleule, hata ikioshwa ikang'aa. Nunua mpya ya muundo wa kiwandani. Rejeta za alumini tupu zinavutia macho na zina faida kwa anayekimbiza gari kwenye mashindano, lakini nyingi ni nene, zinabana nafasi ya feni, na za bei ya chini zina maungio yanayovuja mapema kuliko plastiki. Nunua pia thamostati, gasketi yake, kifuniko kipya na mipira yote miwili. Kufunga mipira ya miaka 30 kwenye rejeta mpya ni kuhamisha tu mahali pa kuvuja.

Injini iwe baridi kabisa. Usifungue kifuniko kikiwa moto hata kwa kitambaa kinene. Maji yaliyozuiliwa na shinikizo hulipuka mvuke papo hapo. Toa waya wa betri, ambayo kwenye toleo hili la MX-5 iko buti, kwa kuwa feni za umeme hazina adabu: zinaweza kuanza kuzunguka mkono wako ukiwa ndani. Inua pua ya gari, iweke juu ya stendi imara, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua sahani ya plastiki iliyo chini, weka beseni, fungua plagi ya kumwagia. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu kali, kwa hiyo funika beseni haraka ikiwa kuna watoto, mbwa au paka uani.

Bomba la hewa linalokatiza juu, nyuma ya rejeta, linatoka kwa klipu zake. Mpira uliogandana na shingo usiusokote, hasa upande wa injini. Uchane kwa kisu kwa urefu kisha umenye, kwa sababu hata hivyo unatupwa. Chomoa plagi za umeme za feni. Gari la giaboksi ya otomatiki lina vijibomba viwili vya mafuta vinavyoingia kwenye rejeta. Viziba mara moja, na baadaye upime mafuta ya giaboksi. Halafu ni bolti za juu, na rejeta inanyanyuka pamoja na feni zake. Angalia mipira midogo ya kukalia chini isibaki ikaangukia mahali usipopaona. Feni na vifuniko vyake vya kuongoza hewa hamishia kwenye rejeta mpya. Kuna wanaovitupa hivyo vifuniko kwa kuona vinaziba upepo, kumbe bila hivyo feni huvuta hewa kwenye duara lake tu, na eneo lingine la rejeta linakaa bure gari likiwa kwenye foleni.

Rejeta mpya isiingie bado. Kwanza toa thamostati, ingiza mpira wa bustani, usukume maji ndani ya injini na kwenye hita mpaka yatoke meupe. Ukisafisha baada ya kufunga, kutu na magamba ya miaka yote hiyo yatakwenda kukaa kwenye vijibomba ulivyovilipia jana.

Na hapo, thamostati ikiwa mkononi, ndipo jirani mmoja au fundi apitaye atakapokushauri uiache nje. Nchi zetu ni za joto, atasema, kidude hicho kiliwekwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Ushauri huu umeenea pwani na bara, na una mantiki ya juu juu: thamostati ikikwama imefungwa, injini inaungua, kwa hiyo bila thamostati hakuna cha kukwama. Ila kazi ya thamostati si kupasha gari joto wakati wa baridi. Inashikilia injini kwenye joto moja ambalo vipimo vyake vyote vilihesabiwa kwalo. Ikiondolewa, gari likiwa kwenye barabara ndefu yenye upepo linakimbia likiwa baridi kupita kiasi. Kompyuta ya injini huamini kwamba injini haijapata moto, ikaongeza petroli. Petroli inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Unyevu unaobaki ndani ya mafuta hauvukizwi, unageuka tope. Halafu kwenye foleni, pale ulipotaka msaada, thamostati iliyofunguka yote haizuii chochote cha kutajika, kwa hiyo kuiondoa hakukuongezei kitu. Funga mpya, na kile kitundu chenye pini inayochezacheza kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza.

MX-5 ina sababu yake ya pekee ya kuheshimiwa katika mambo ya maji. Injini yake ya lita 1.6 ilitokana na ya Mazda 323, iliyokaa kwa kulala kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine. Ilipogeuzwa ikatazama mbele, njia ya maji iliyokuwa nyuma ingegonga ukuta wa kabini ya dereva, ikazibwa, na thamostati ikahamishiwa mbele, upande uleule wa pampu. Maji sasa huingia mbele na sehemu kubwa hutokea mbele, na silinda za nyuma hupata mzunguko hafifu kuliko za mbele. Kwa matumizi ya kawaida injini inavumilia. Isichovumilia ni maji pungufu.

Mfumo mzima hubeba lita 6. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima cha pwani chenye chumvi, huacha magamba ndani na kutafuna alumini. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu kwa nusu na kulanti inayofaa injini za alumini, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Kwenye vituo vya mafuta watu huita maji ya betri vitu viwili tofauti: moja ni maji safi ya kuongezea, nyingine ni asidi. Soma lebo ya chupa mwenyewe, usitegemee jina analotamka muuzaji. Rangi ya kulanti nayo si ushahidi wa kitu, kwani kila kampuni hutia rangi ipendayo. Wengine husema kulanti ni ya nchi za barafu. Wasichojua ni kwamba ndiyo inayozuia kutu na kuongeza nyuzi kadhaa kwenye kiwango cha kuchemka.

Rejeta mpya ikishafungwa na mipira yake, jaza taratibu, pua ya gari ikiwa bado juu ili kifuniko kiwe mahali pa juu kuliko pote. Weka hita kwenye joto la mwisho. Minya mipira kwa mkono, utasikia hewa ikitoka kwa mafundo. Ongeza, minya tena. Rudisha waya wa betri, washa injini kifuniko kikiwa wazi, usimame pembeni. Kwa dakika kadhaa kitakachotokea ni viputo. Thamostati ikifunguka, usawa wa maji utashuka ghafla na mpira wa chini utapata joto. Hapo ongeza, kisha funga kifuniko na ujaze chupa ya akiba hadi alama yake. Hita ikipuliza hewa baridi wakati injini ni moto, bado kuna hewa imekaa ndani.

Mwenye Porsche 944 ana skrubu ya kutolea hewa juu ya injini, na amerahisishiwa. Mwenye Toyota MR2 aombe subira: injini yake iko nyuma ya viti, rejeta iko mbele, na kati yao kuna mabomba marefu chini ya sakafu ambayo hewa hupenda kujificha, kwa hiyo lazima afungue vitoa hewa vyote kwa utaratibu wa kitabu cha gari.

Kabla ya kushusha gari, jaribu feni. Ndani ya boneti kuna kikasha kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la TFA na la GND kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, feni kuu inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, ni bora ujue ukiwa uani kuliko Morogoro Road saa kumi na moja jioni.

Zunguka mtaani kidogo, acha gari lipoe usiku kucha. Likipoa, rejeta huvuta maji kutoka chupa ya akiba, kwa hiyo asubuhi chupa ikipungua kidogo mara ya kwanza au ya pili hakuna tatizo, jaza. Fungua kifuniko uone kama rejeta imejaa hadi shingoni. Ikiwa baada ya wiki moja bado inapungua, na hakuna unga wala tone mahali popote, washa injini baridi kifuniko kikiwa wazi na utazame: viputo visivyoisha hata injini ikishapata moto ni moshi wa silinda unaopenya gasketi, na kazi hiyo ni ya fundi wa injini.