Istilahi za Picha za Maua na Wadudu: Tatizo la Neno "Makro"

Mfasiri apewaye kijitabu cha kumfundisha anayeanza kupiga picha za maua na wadudu hukutana na neno "makro" mapema sana. Akifungua kamusi ataona kwamba asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni refu au kubwa. Hapo ndipo huzaliwa "picha kubwa", na msomaji hudhani anaelezwa habari za picha ya kutundika ukutani.

Wenye viwanda wenyewe hawapatani. Kampuni ya Nikon, tangu mwaka 1956, huziita lenzi zake za aina hii "Micro", yaani ndogo, ilhali nyingine nyingi huziita "Macro". Na kamera kadhaa huchorwa ua dogo tu, bila neno. Maneno mawili yapinganayo yakitaja kitu kimoja, mfasiri hana budi kuyaacha na kuitafuta dhana.

Dhana yenyewe ni uwiano wa taswira: ukubwa wa taswira iangukiayo filamu, au kihisi katika kamera za kidijitali, ukilinganishwa na ukubwa wa kitu halisi. Tumchukue dumuzi, mharibifu wa mahindi ghalani, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Urefu wake ni kama milimita 4. Kwa uwiano wa 1:10 taswira yake ni milimita 0.4, nukta tu. Kwa uwiano wa 1:1 ni milimita 4 kamili, na bwana shamba aliyepelekewa picha ataona kwamba mdudu huyo hana mdomo mrefu kama wa fukusi. Kijitabu kikisema "vuta karibu", mwalimu wa shule atatumia fedha zake kununua lenzi ya kupigia picha simba, ambayo mara nyingi haioni dhahiri kitu kilicho sentimita 20 mbele yake.

Kwa hiyo yafaa tukope "lenzi makro", kwa kuwa ndilo neno mnunuzi atakaloliona dukani, na "picha za karibu" libaki jina la jumla. Uwiano uandikwe kwa tarakimu. Ukiandikwa "moja kwa moja", nani hatafikiri anaambiwa aende bila kukata kona?

Taabu kubwa zaidi imo katika kile ambacho wengine wamekiita "kina cha uwanja", tafsiri sisisi isiyomwonyesha msomaji uwanja wowote. Napendelea "kina cha udhahiri". Kwa uwiano wa 1:1, na namba ya kitundu 8, kina hicho hakizidi milimita 1 hivi katika kamera ya filamu ya milimita 35. Nyuki akitua juu ya ua la mbaazi, macho yatakuwa dhahiri na mabawa yatakuwa ukungu. Ndiyo sababu anayeanza hufundishwa kulenga macho, na kuisogeza kamera yote mbele na nyuma kidogo kidogo badala ya kuzungusha pete ya lenzi. Asubuhi na mapema, wadudu wangali na baridi, kazi huwa nyepesi.

Tena kuna "ongeza kitundu". Namba 16 ni kitundu kidogo kuliko namba 8, kwani namba hiyo ni kigawanyo. Agizo hilo basi lina maana mbili zipinganazo. Tuandike "finya kitundu" au "panua kitundu". Anayefinya apate kina zaidi hupoteza mwanga, na lenzi iliyorefushwa hadi 1:1 tayari imepunguza mwanga hadi robo. Hapo flashi au stendi ya miguu mitatu huhitajika.

Asiye na lenzi makro aweza kutumia mirija mitupu ifungwayo kati ya kamera na lenzi. Mirija ya milimita 50 nyuma ya lenzi ya milimita 50 hutoa uwiano wa 1:1. Tumependekeza iitwe "mirija ya kurefushia", si "ya kukuzia", kwa sababu ndani yake hamna kioo.