Tovuti ya Faili za Maandishi kwa Mji wa Kamina

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, ni mji wa makutano ya reli: njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo, mkono mmoja ukielekea Ilebo huko Kasai na mwingine ukielekea Kabalo, na kwa muda mrefu barua na bidhaa zimeufikia mji huo kwa mwendo wa garimoshi. Intaneti hufika hasa kupitia simu za mkononi, kwa mega zinazonunuliwa kidogo kidogo, na umeme hauna uhakika wa kuwapo saa zote. Taasisi ya mji kama huo inapotaka tovuti, iwe ni chuo kikuu, shule, hospitali au ofisi ya jimbo, yafaa kwanza ijiulize ni mfumo upi unaovumilia mazingira hayo, na jibu mara nyingi ni mfumo mdogo kuliko ule unaojulikana zaidi.

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayojibu maombi ya wasomaji wa tovuti, na kazi yake ni kumwezesha mhariri asiye fundi kuandika kurasa, kuweka picha na kupanga menyu. WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na kuenea kuliko nyingine zote, huweka maandishi ndani ya hifadhidata ya MySQL, ambayo ni programu ya pili yenye akaunti zake, nywila zake na matunzo yake. Ndiyo maana tovuti huweza kuonekana imekufa ilhali maandishi yote yapo, kwa sababu tu programu hizo mbili zimeacha kuelewana. Mifumo ya faili za maandishi huiondoa hifadhidata hiyo kabisa. DokuWiki ya Mjerumani Andreas Gohr ilifanya hivyo tangu mwaka 2004, na Grav, iliyotokea mwaka 2014, inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa haitozwi malipo, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na kifurushi chake hakizidi makumi machache ya megabaiti.

Katika Grav kila ukurasa ni folda yenye faili ya maandishi ndani yake. Ukurasa wa matangazo wa chuo, kwa mfano, waweza kuwa folda iitwayo 02.matangazo, ambapo tarakimu za mwanzo huonyesha nafasi ya ukurasa kwenye menyu, na ndani yake mna faili default.md. Mistari ya juu ya faili hiyo, iliyozungushiwa vistari vitatu juu na vitatu chini, hutaja kichwa, tarehe na hali ya ukurasa; yanayofuata ni maandishi yenyewe, yaliyopambwa kwa alama chache za Markdown, mtindo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, ambapo alama ya reli mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa na nyota mbili kila upande hulikoleza neno. Hata Grav ikifutwa yote, faili hiyo itasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye uwezo wa kufungua maandishi, na hilo ni jambo zito kwa taasisi ambayo kumbukumbu zake zinapaswa kuishi kuliko programu.

Mpangilio huo una faida nyingine ambayo Kamina inaihitaji hasa. Kifaransa ndicho lugha ya ofisi na shule, Kiswahili husikika sokoni na mitaani, na Kiluba ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Ndani ya folda moja mhariri anaweza kuweka default.fr.md kwa Kifaransa, default.sw.md kwa Kiswahili na default.lu.md kwa Kiluba, kwa maana lu ndiyo alama ya kimataifa ya Kiluba cha Katanga, kisha akazitaja lugha hizo tatu katika faili ya mipangilio. Tangazo la chanjo linalomfikia mama kwa lugha anayoilea nayo familia yake lina uzito ambao tangazo la Kifaransa peke yake haliwezi kuwa nao, na hapa gharama ya kuliongeza ni faili moja tu.

Usakinishaji wenyewe ni mfupi. Seva huendeshwa na Linux, na Debian ni toleo linalofaa kwa uthabiti wake. Juu yake huwekwa Nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari, pamoja na PHP, lugha ambayo Grav imeandikwa kwayo, na viungo vyake kadhaa, kama vile vya kushughulikia picha na faili za zip. Kifurushi cha Grav hupakuliwa, hufunguliwa ndani ya folda ya tovuti, na hakuna hifadhidata ya kuunda.

Kazi inayodai uangalifu ni ya umiliki na ruhusa, na ndiyo inayowakwamisha wengi. Linux huitambua kila faili kwa pande tatu, yaani mwenyewe, kundi lake na watu wengine, na kila upande hupewa jumla ya namba: 4 kwa kusoma, 2 kwa kuandika, 1 kwa kuendesha, au kwa upande wa folda, kwa kuingia. Kwenye Debian, Nginx na PHP hufanya kazi kwa jina la mtumiaji www-data. Iwapo kifurushi kilifunguliwa na msimamizi mkuu, faili zote huwa mali ya msimamizi huyo, na Grav, ikiwa imeruhusiwa kusoma lakini si kuandika, hushindwa kuhifadhi ukurasa uliohaririwa. Fundi aliyechoka huandika chmod 777, amri inayomruhusu kila mtumiaji wa seva kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu, na tovuti hufunguka papo hapo, lakini tangu hapo programu yoyote iliyoingiliwa kwenye seva hiyo inaweza kuzibadilisha kurasa zake. Njia sahihi ni kutumia amri ya chown ili faili ziwe za akaunti ya mhariri na kundi liwe www-data, kuzipa faili 664 na folda 775, kisha kuziagiza folda zirithishe kundi hilo kwa kila faili mpya.

Yapo mambo mengine mawili ya usalama. Grav huja na faili ya .htaccess inayozuia wageni wasifungue mipangilio na faili za akaunti, lakini faili hiyo husomwa na Apache, programu nyingine ya kupokea maombi ya vivinjari, wala si na Nginx. Anayetumia Nginx lazima anakili kanuni hizo kutoka kwenye mfano uliomo ndani ya kifurushi. Pia ukurasa wa usimamizi, ukishawekwa, humtaka mtu wa kwanza kuufungua aunde akaunti ya msimamizi, kwa hiyo usiachwe hata saa moja bila mwenyewe.

Seva si lazima ikae Ulaya. Serikali ya Kongo ilipokata intaneti baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi karibu tarehe 20 Januari 2019, tovuti zilizokaa ng'ambo zilikuwa hazifikiki kwa wengi, ilhali kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayotumia wati chache na kuendeshwa kwa betri ya sola, ingeendelea kuwahudumia wote walio karibu na Wi-Fi ya chuo. Ila matoleo mengi ya kompyuta hiyo hayana saa inayotembea umeme ukiwa umezimika; ikiwashwa bila intaneti hurudi kwenye wakati wa zamani, na kurasa zilizowekewa tarehe ya kuchapishwa huweza kutoweka kwa kuwa, kwa hesabu ya mashine, tarehe hiyo haijafika. Saa ndogo ya betri hulimaliza tatizo hilo.

Kadi ya kumbukumbu ya mashine hiyo nayo huharibika umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, hivyo nakala za akiba ni za lazima. Hapa faili za maandishi zinaonyesha ubora wake kwa dhahiri: kunakili folda iitwayo user ni kunakili maudhui yote, picha, akaunti na mipangilio, programu ya rsync hutuma vipande vilivyobadilika tu, jambo linaloziokoa mega, na mtandao usipokuwapo folda hiyo hubebwa kwenye flashi hadi Lubumbashi na kuwekwa kwenye seva ya pili.

Mfumo huu haufai kwa kila kazi. Alama za mitihani za maelfu ya wanafunzi, zinazotafutwa kwa jina, kozi na mwaka, na zinazoandikwa na makarani wengi kwa wakati mmoja, zinahitaji hifadhidata, na kuzilazimisha ziwe faili za maandishi ni kualika makosa. Hifadhidata hiyo yaweza kukaa kwenye seva hiyo hiyo kwa anwani yake ya peke yake, huku ratiba, matangazo na taarifa za chuo zikibaki katika folda zake.