Mashine Ikikosea, Dhamana ni ya Nani?

Anayeishi Muze, Mtowisa au Ilemba, kule chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, anajua maana ya kuuguliwa na mtoto usiku. Zahanati na vituo vya afya vipo, lakini mgonjwa aliyezidiwa hupandishwa juu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga mjini, na njiani umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Usafiri wa saa hizo ni wa kubahatisha. Kilicho karibu ni simu. Siku hizi mama huandika: mwanangu ana homa na anakohoa, nimpe dawa gani? Kabla maji ya uji hayajachemka jibu limekwisha kuja, kwa Kiswahili fasaha, tena kwa upole ambao si kila dirisha la dawa huwa nao.

Mwenye kujibu ni akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili bandia. Hatuandiki makala haya kuiharamisha. Elimu yenye manufaa ni neema, na Waislamu wa zama za Ibn Sina hawakuuliza dawa imetoka nchi gani kabla ya kuichunguza. Tunaloliuliza ni jambo ambalo fiqhi imeliuliza tangu zamani kuhusu kila ajitiaye utabibu: madhara yakitokea, dhamana ni ya nani?

Hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyoipokea Abu Daud na wengineo yafundisha kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, dhamana ya madhara ni juu yake. Wanazuoni wakaeleza upande wa pili: tabibu mwenye elimu, aliyepata idhini ya mgonjwa na asiyevuka mipaka ya fani yake, hatozwi fidia kwa matokeo asiyoyasababisha kwa uzembe. Kanuni hii inamlinda mgonjwa na inamlinda tabibu. Lakini inahitaji mtu. Daktari aweza kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika akahojiwa. Programu ya simu haina nafsi wala mali, na haiwezi kuketi mbele ya kadhi.

Kwa hiyo, palipo na usalama ni pale ambapo kati ya neno la mashine na mwili wa mgonjwa amesimama binadamu mwenye elimu, anayejulikana kwa jina, na anayeweza kulikataa neno hilo. Hili si jambo la kufikirika tu. Jirani zetu wa Mbeya wamelishuhudia.

Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa kituo cha NIMR Mbeya, pamoja na wenzao wa Uswisi, waliijaribu programu iitwayo ePOCT+ katika vituo 40 vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo vilipewa vishikwambi vyenye programu hiyo, na nusu viliendelea kama kawaida. Mhudumu alimpima mtoto, akajaza alichokiona, na kishikwambi kikamwongoza hatua kwa hatua: pima oksijeni, pima damu kwa kipimo hiki, toa dawa hii au usiitoe. Mahudhurio zaidi ya 44,000 yalichambuliwa. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Katika vituo vyenye kishikwambi walikuwa 23. Je, waliokosa dawa hizo waliumia? Siku ya saba, ambao hawakuwa wamepona walikuwa asilimia 3.7 upande mmoja na asilimia 3.8 upande wa pili.

Mzazi wa Sumbawanga na aitafakari tofauti ile ya 70 na 23. Wangapi kati yetu hununika tukitoka zahanati bila kidonge cha amoksilini? Dawa inayotolewa bila haja huwafunza vimelea usugu, na siku itakapohitajika kweli haitafanya kazi.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba ePOCT+ si akili mnemba inayojifunza yenyewe. Ni mfululizo wa kanuni zilizoandikwa na madaktari, na kila hatua yake yaweza kufunguliwa na kukaguliwa. Ile inayozungumza nasi kwenye simu ni ya jinsi nyingine: imesoma maandishi mengi mno, na hutunga jibu linaloelekea kufaa. Hata aliyeitengeneza hawezi kukuonesha kila mara jibu limetoka wapi.

Jinsi hiyo nayo imejaribiwa, Nairobi, katika zahanati 15 za Penda Health, kwa mahudhurio 39,849. Matokeo yalitolewa mwaka 2025. Hapo pia mgonjwa hakuongea na mashine. Daktari aliandika, mashine ikasoma kimya kimya na kuwasha rangi: kijani, njano, au nyekundu pakiwa na hatari. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Awali madaktari wengi waliipuuza rangi nyekundu, ikabidi wafundishwe na kufuatiliwa ndipo faida ikaonekana. Na walipoulizwa wagonjwa baadaye iwapo wamepata nafuu, haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Tukumbuke pia kwamba waliotoa taarifa hiyo ni wenye zahanati pamoja na kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza akili hiyo. Shahidi mwenye maslahi husikilizwa, lakini hutafutiwa wa pili.

Mfano wa mpaka uliochorwa vizuri ni kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta kusoma picha ya eksirei ya kifua katika kuchuja wanaoshukiwa, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea tu. Watoto hawakuingizwa. Na mashine haitangazi kwamba fulani ana kifua kikuu. Hutoa alama, na mwenye alama ya juu hupelekwa kupimwa makohozi.

Sasa turudi Ufipa. Sumbawanga mjini tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai twaijua. Bondeni ni joto na mbu. Homa ya mtoto wa Muze na homa ya mtoto wa mjini zinaandikwa kwa herufi zilezile, lakini tabibu wa hapa akisikia tu mtoto ametoka wapi, fikra yake imekwisha kugawanyika. Mashine haijui usipoiambia, na mara nyingi haiulizi. Kisha kuna lugha. Bibi wa kijijini hueleza maumivu yake kwa Kifipa. Mjukuu huyageuza Kiswahili, na njiani kitu hupotea. Hata Kiswahili chenyewe kina mitego: mtu husema "nina presha" bila kusema imepanda au imeshuka, na "homa" kwa wengi wetu ni joto la mwili, mafua, na kila unyonge. Mji ambao jina lake husemwa lina maana ya kutupa uchawi usije ukageuza simu kuwa ramli mpya, inayoaminiwa kwa sababu tu imejibu.

Lipo pia suala la siri. Mwili wa mgonjwa una sitara yake, na maradhi yake ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tume yake ipo kupokea malalamiko. Lakini picha ya cheti cha mkeo au ya sehemu ya mwili wa bintiyo, ukiisha kuituma kwa programu ya kampuni ya ng'ambo, kuirudisha ni shida. Mwenye kuuliza aulize bila jina, bila picha.

Mwenye kisukari asiiulize simu kama afunge Ramadhani. Fiqhi imemwelekeza kwa tabibu mwaminifu, na tabibu huyo anataka kuona vipimo vyake, dozi zake na mwili wake, tena wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Na yule mama wa bondeni? Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea hata kuamka ni shida, hana haja ya jibu la maandishi. Kwa hali hizo simu itumike kumpigia mwenye pikipiki, na kituo cha afya kiarifiwe kwamba mgonjwa yu njiani.