Unaenda majuu na mbwa wako? Anza na sindano, si tiketi

Chukua mfano huu. Unataka kusomea shahada ya uzamili Ujerumani. Vyuo vingi huko vimeweka Julai 15 kuwa makataa ya maombi ya muhula unaoanza Oktoba. Unatuma karatasi zako siku ya mwisho, kama kawaida yetu, halafu ndipo unamwangalia Simba amejilaza mlangoni na kujiuliza: na huyu je?

Kama Simba hajawahi kuwekewa chipu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo kesho yake, Julai 16, siku ya mapema kabisa anayoweza kukanyaga Frankfurt ni katikati ya Novemba. Wewe utakuwa umeingia darasani kitambo. Na haijalishi kwamba Simba ni German Shepherd. Jina hilo halimsaidii kitu pale uwanja wa ndege.

Kinachoogopwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ni kama hakuna tiba. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, lakini kwa sasa haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazilegezea masharti. Mbwa anayetoka hapa lazima athibitishe kwa damu yake kwamba chanjo ilishika.

Hesabu yenyewe inaanza na chipu. Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi ya shingo, na ndani yake mna nambari yenye tarakimu 15. Hapa ndipo wengi huchomeka. Chipu lazima itangulie chanjo, au zote mbili zifanywe siku moja. Kama mbwa wako alichanjwa mwaka jana na chipu ikaja mwaka huu, chanjo ile ya zamani Ulaya haiitambui, hata kama kadi ina mihuri minne. Atachanjwa upya. Na asiwe chini ya umri wa wiki 12.

Baada ya chanjo, ngoja angalau siku 30, kisha daktari anatoa damu. Sampuli hiyo hupimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kingamwili zinapaswa kufika yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Akifaulu, bado hasafiri. Anangoja miezi mitatu, ikihesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipokuja. Watu hulalamika sana kuhusu miezi hiyo mitatu lakini ina maana yake. Virusi vya kichaa cha mbwa mara nyingi hujificha mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kuonyesha dalili. Mbwa aliyeumwa na mwenzake mtaani kabla ya kuchanjwa angeonekana vipi vingine?

Kwa hivyo fanya hesabu ukirudi nyuma. Ndege ni Septemba 25? Damu itolewe kufikia Juni 25, na chanjo isipite Mei 26. Mei, bana, wakati hata barua ya chuo hujaiona.

Habari njema ni kwamba kipimo hicho cha damu hakiozi. Mbwa akishafaulu, na chanjo zake za marudio zikidungwa kabla ya tarehe kuisha, Ulaya haitataka damu nyingine. Ndiyo maana, kama una ndoto ya kwenda hata mwaka kesho kutwa, ningekushauri umalize mambo ya damu sasa. Ukiruka chanjo moja ya marudio, hata kwa siku moja, unaanza upya.

Siku 10 za mwisho ndizo za karatasi. Daktari wako anamkagua mbwa, kisha cheti cha afya kinatiwa sahihi na daktari rasmi wa serikali, kupitia Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete. Cheti hicho kinamfikisha mpakani ndani ya siku 10 tangu kutolewa, kwa hivyo usikikimbilie mapema ukidhani unajipanga.

Uingereza, wanakoenda wauguzi wetu wengi, hufuata hesabu ileile ya damu na miezi mitatu, lakini huongeza dawa ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Huko mbwa hakai nawe ndani ya ndege hata akiwa mdogo kama sungura, maana kwa kawaida huingia kama shehena. Na kama ni XL Bully au Pit Bull, sahau. Wamepigwa marufuku. Ujerumani nayo ina orodha yake ya mbwa wasioingizwa, Pit Bull akiwemo. Kwa Marekani, tangu Agosti 2024, mbwa lazima awe na chipu na umri wa angalau miezi sita, na anayetoka Kenya ana masharti ya ziada kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ukivukia Namanga au Busia kwenda kwa majirani, mambo ni mepesi zaidi: cheti cha chanjo, cheti cha afya, na kibali cha kumwingiza kutoka nchi unayoenda.

Tuje kwa kizimba. Ndani yake mbwa anapaswa kusimama bila kugonga kichwa, kugeuka na kulala kama kawaida. Ndege hulipisha kwa ukubwa wa kizimba, si kilo za mbwa pekee, kwa hivyo pima kabla ya kununua. Kinunue mapema, kiache wazi sebuleni, mlishe humo ndani kwa wiki kadhaa hadi aingie mwenyewe bila kuitwa. Usikubali mtu akuuzie vidonge vya usingizi ati atulie fasta. Vidonge hivyo vinaweza kushusha shinikizo la damu na kumvuruga pumzi huko juu, mahali ambapo hakuna wa kumsaidia. Mbwa wa pua bapa kama pug ndio huumia zaidi, na baadhi ya mashirika ya ndege huwakataa kabisa.

Halafu kuna swali ambalo madaktari hawakuulizi: atalala wapi? Mabweni mengi ya wanafunzi Ujerumani hayataki wanyama. Miji yake mingi hutoza ushuru wa mbwa, na Berlin ni euro 120 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi anayehesabu kila sarafu, hiyo ni doo.

Kama utatangulia, fahamu kanuni ya siku tano. Ndugu au rafiki anaweza kukuletea mbwa ukimpa idhini ya maandishi, lakini safari yake isitofautiane na yako kwa zaidi ya siku tano. Ikizidi, mbwa anahesabiwa kama bidhaa ya biashara, na masharti yanakuwa mengine. Njia ambayo ningeichagua ni kumwacha nyumbani na mtu atakayechunga tarehe ya chanjo, kupata kwanza nyumba inayomkubali, kisha kurudi Krismasi na kuabiri ndege moja naye. Mwachie mama kadi ya chanjo, nambari ya chipu na nambari ya simu ya daktari, na uweke tarehe ya marudio kwa simu yake, si yako.