Klabu za Hoki ya Barafuni katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Chimbuko na Utawala Wake

Mwanafunzi wa Kenya asikiapo neno hoki, aghalabu fikira zake huelekea uwanja wa City Park jijini Nairobi, ambako mpira mdogo huviringishwa kwa magongo. Hoki inayojadiliwa katika makala haya ni nyingine. Huchezwa juu ya barafu, wachezaji sita kila upande akiwemo mlinda lango, wamevaa viatu vyenye bapa za chuma, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Si ngeni kabisa kwetu, kwani uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari, Nairobi, na hapo ndipo wachezaji wa Ice Lions walipojifunzia. Hata hivyo, kisa hiki ni cha Marekani, na swali lake litamgusa yeyote aliyewahi kuongoza chama cha wanafunzi: wanaoulipia mchezo wao kutoka mifukoni mwao wanaumiliki kwa kiasi gani?

Mchezo huu wa ndani ya jengo uliratibiwa kwa mara ya kwanza Montreal, Kanada, mwezi Machi 1875, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill walikuwa katika mstari wa mbele. Nchini Marekani, Yale na Johns Hopkins zilikutana Baltimore mwezi Februari 1896 na kutoka sare ya 2-2. Mwaka wa 1948, chama kinachosimamia michezo rasmi ya vyuo, yaani NCAA, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa ya hoki ya barafuni huko Colorado Springs, na Michigan ikaibuka bingwa. Tangu hapo timu rasmi za vyuo zikawa na ngazi yao ya kupandia.

Je, vyuo visivyokuwa na timu rasmi? Mkono mtupu haulambwi, na barafu ina gharama kubwa. Lazima igandishwe, ilainishwe na ikodishwe kwa saa. Vifaa vya mchezaji mmoja pekee ni mzigo. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka wa 1972 iitwayo Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu. Chuo kinachotaka kuongeza timu kubwa ya wanaume hulazimika kutafakari nafasi za wanawake pia. Sheria hiyo ni ya haki, ingawa wapo wanaoitupia lawama zote, ilhali pesa zilikuwa kikwazo hata kabla yake. Kwa hivyo wanafunzi wengi waliunda klabu. Huchagua viongozi wao, hutoza ada, huomba michango, hukodi basi na kusafiri usiku kucha.

Kwa miaka mingi klabu hizo zilialikana tu, bila kanuni zinazowafunga wote. Mnamo Aprili 1991, wawakilishi wa vyuo kadhaa walikutana Chicago na kuasisi shirika linalojulikana kama ACHA. Miongoni mwao walikuwa Al Murdoch, kocha wa Iowa State, na Joe Battista wa Penn State. Shirika hili haliko chini ya NCAA. Huamua ni nani anayestahili kucheza, hasa likisisitiza kwamba awe mwanafunzi kweli na adumishe alama zinazokubalika; hupanga timu kwa ubora na kuandaa ubingwa wa taifa. Wanaume wana madaraja matatu, na wanawake, walioanzishiwa kitengo chao mwaka wa 2000, wana mawili. Chuoni, klabu nyingi huhesabiwa pamoja na burudani za wanafunzi, wala si katika idara ya michezo rasmi. Hata hivyo, si zote ni maskini: vipo vyuo vidogo vinavyoajiri makocha na kutoa ufadhili, kisha vikakabiliana na klabu ambayo mwekahazina wake anafanya mtihani kesho yake. Kanuni ni moja, lakini mifuko hailingani.

Tatizo kubwa zaidi huletwa na ufanisi wenyewe. Timu ya Penn State, iliyoitwa Icers, ilitwaa ubingwa wa ACHA mara nne mfululizo, 2000 hadi 2003. Mwezi Septemba 2010, Terry na Kim Pegula walikitolea chuo hicho dola milioni 88, kiasi kilichoongezwa baadaye hadi milioni 102, ili kijenge uwanja na kuunda timu rasmi za wanaume na wanawake. Mmoja wa waliosukuma mpango huo alikuwa Battista, yule yule mwasisi wa ACHA. Timu hizo ziliingia NCAA katika msimu wa 2012-13, na jina la Icers likafikia kikomo.

Arizona State, chuo cha jangwani, ilifuata njia hiyo. Ilikuwa bingwa wa ACHA mwaka wa 2014; Novemba mwaka uo huo wafadhili wakatangaza zaidi ya dola milioni 32, na msimu uliofuata timu ikaanza safari ya NCAA chini ya kocha Greg Powers, aliyewahi kuwa mlinda lango wa klabu hiyo. Lindenwood nayo ilihama mwaka wa 2022. ACHA hulea, wengine huvuna. Wala haina uwezo wa kumzuia mwanachama anayeitwa kwenye neema. Lililo gumu ni kwamba timu rasmi husajili vipaji kutoka mbali, na nafasi ya mwanafunzi wa kawaida, yule aliyelipa ada ili acheze, hupungua.

Penn State hakukosekana waliobaki. Wanafunzi wengine waliendelea kucheza katika ACHA kwa jina la Ice Lions, jina lile lile lililochaguliwa na wachezaji wa Nairobi.