KATIBU, IAMBIE KOMPYUTA LUGHA UNAYOANDIKA



Katika kuzungukia vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna jambo tumelikuta mara nyingi. Kumbukumbu za mkutano zimeandikwa vizuri daftarini, zapelekwa saiba kuchapwa, na zikirudi si zile tena. Kikundi kimoja kilipeleka orodha ya wanachama. Kijana wa saiba akaona mistari myekundu kila mahali, akadhani ni makosa, akakubali kila neno aliloletewa na mashine. Dama, jina wapewalo mabinti wengi wa Kigiriama, likawa Drama! Halikufanana na kitambulisho, makaratasi yakarudishwa, na akina mama wale wakalipa nauli na uchapaji mara ya pili.

Hili si jambo dogo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na watu 10 au zaidi, na kipeleke katiba, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama.

Kwa nini mistari myekundu?

Kompyuta haina akili ya lugha. Ina orodha ya maneno na kanuni za kuyaunganisha, basi. Ikiwa imewekwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili kwake ni kosa. Hata vijana wanaotunga programu huanza kwa kuiambia mashine ni lugha gani ya programu wanaiandika, ndipo iweze kuwaonyesha walipokosea.

Kamusi ya Kiswahili ipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Leo LibreOffice, iliyozaliwa na OpenOffice, hutolewa bure na ina kamusi ya Kiswahili.

Tufanye nini?

Kwanza, wakati wa kuweka LibreOffice, usikubali mpango wa kawaida. Chagua "Custom", kisha kwenye kamusi weka alama kwa Swahili. Wengi huruka hapa, halafu husema haifanyi kazi.

Pili, fungua barua yako na uchague maandishi yote kwa Ctrl na A.

Tatu, tazama chini kabisa ya ukurasa, palipoandikwa jina la lugha. Bonyeza hapo, uende kwenye "More", uchague Swahili ya Tanzania. Msione vibaya kwamba si ya Kenya, kamusi ilitengenezewa huko. Kwa wanaotumia Word, pia jina la lugha liko chini, na humo imeandikwa Kiswahili.

Nne, majina ya wanachama na ya mitaa, kama Mtongwe au Mikindani, yakipigwa mstari, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi uyaongeze kwenye kamusi. Hayatasumbua tena kwenye kompyuta hiyo.

Tano, mashine ikibadilisha neno yenyewe, bonyeza Ctrl na Z papo hapo.

Tahadhari

Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja, kama "tutawasomeshea", kwa hiyo neno sahihi laweza kupigwa mstari. Na kosa laweza kupita kimya. Ukiandika "wanachama walipiga kula", mashine hainung'uniki, kwa kuwa kula ni neno. Wala haijui kama mwekahazina alisema 5,000 au 50,000. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, mmoja asome kwa sauti kutoka daftarini, mwingine afuate karatasi iliyochapwa. Majina yalinganishwe na vitambulisho, moja moja.

Ya kujadiliana kikundini

1. Nani huchapa makaratasi yetu, na nani huyakagua?
2. Je, kuna kijana wetu awezaye kufundishwa kazi hii?
3. Daftari la asili twaliweka wapi?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.